Mashine Isiyomdanganya Mchezaji

Leo naomba niwazungumzie mashine ya mchezo ambayo baadhi yenu mmeiona kwenye filamu tu, na wengine, hasa mnaotusikiliza mkiwa Marekani, huenda mmeipita kwenye kona ya baa mkadhani ni samani ya zamani. Inaitwa pinbali. Ni kabati refu la mbao lililosimama juu ya miguu minne ya chuma, limefunikwa kioo, na upande wa nyuma limebeba sanduku lenye picha ya rangi kali na tarakimu za alama. Chini ya kioo kuna ubao uliolazwa kwa mteremko. Unavuta kishikio chenye springi, unakiachia, na gololi ya chuma inaruka hadi juu ya ubao. Kisha inaanza kuteremka ikigonga hiki na kile, taa zinawaka, alama zinapanda. Ikipenya katikati kule chini, umeipoteza. Cha kuizuia ni mikono miwili mifupi, mmoja kulia na mmoja kushoto, inayochapa kila unapobonyeza vitufe vya ubavuni. Mikono hiyo ndiyo flipa. Shikeni jina hilo, maana tutarudi kwake sana.

Ninachotaka kuzungumza ni kazi ya kuichukua mashine kama hiyo, iliyotumika miaka mingi ikachoka, na kuirudisha katika hali ya kuchezeka sawasawa. Nasema sawasawa kwa makusudi. Watu wengi wanaozishughulikia mashine hizi huishia kwenye kuzing'arisha. Kabati linapigwa rangi, taa zinawekwa mpya, kioo kinafutwa mpaka unajiona usoni. Kisha gololi inaanza kutembea, na unagundua kwamba flipa ya kushoto haina nguvu kama ya kulia. Mimi nashikilia kwamba mashine ya hivyo bado ni mbovu. Tena nasema inamdanganya anayeicheza. Ni neno zito, kwa hiyo niacheni nirudi nyuma kidogo nieleze limetoka wapi.

Mwaka 1871, mtu mmoja aitwaye Montague Redgrave, mkazi wa Cincinnati, alipewa hataza ya kuuboresha mchezo wa bagateli, mchezo wa kusukuma gololi juu ya ubao wenye misumari na vishimo. Mchezo wake ulikuwa na springi ya kurushia. Miaka 60 baadaye, 1931, David Gottlieb wa Chicago akatoa Baffle Ball, mashine ndogo ya kuwekwa juu ya kaunta. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na kwa senti moja ulinunua dakika chache za kusahau shida. Mwaka uliofuata mashine iitwayo Ballyhoo ya Raymond Moloney ikazoa soko, na kampuni ya Bally ikapata jina lake humo. Tangu siku hizo mpaka leo, Chicago na vitongoji vyake ndiko nyumbani kwa pinbali.

Lakini zile za kwanza hazikuwa na flipa. Ukisharusha gololi, kilichobaki ni kuitazama inavyoteremka, au kulisukuma kabati kwa kiuno. Wenye mamlaka wakaona ni kamari. Mwezi Januari 1942, meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga marufuku. Polisi wakazikamata kwa maelfu na nyingi zikavunjwa kwa nyundo. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30.

Kati ya marufuku na kuondolewa kwake, mchezo ulibadilika. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs, ikiwa na flipa sita za umeme, tatu kila upande. Mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco akabuni Triple Action, akaweka flipa mbili tu, chini kabisa, na mpango huo ndio unaofuatwa hadi leo. Kuanzia hapo mchezaji alikuwa na neno. Angeweza kulenga, angeweza kuikamata gololi akaituliza, angeweza kuipeleka anakotaka. Sheria ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1976 mwandishi kijana, Roger Sharpe, alisimama mbele ya kamati ya baraza la jiji la New York, mashine ikawashwa, akacheza huku akieleza anachokusudia kufanya. Mwishoni akavuta kile kishikio cha springi, akawaambia kabla ya kukiachia kwamba gololi itapita njia ya katikati kule juu. Ikapita. Marufuku ikaondolewa.

Sasa fikirini. Je, kama springi ya mashine ile ingekuwa imechoka, mara inasukuma kwa nguvu hii, mara kwa nguvu ile? Kama flipa zingekuwa nzito, kama ubao ungekuwa umeinama upande mmoja? Ustadi wote wa Sharpe usingeonekana. Kamati ingeona gololi inazurura tu, na ingekuwa na haki ya kusema kwamba hii ni bahati nasibu. Hoja yake ilisimama juu ya mashine nzima, iliyotunzwa na fundi fulani. Ndiyo maana nasema mashine mbovu inadanganya: mchezaji analenga vizuri, anabonyeza kwa wakati, na gololi haiendi. Anaondoka akiamini kwamba yeye ndiye hajui.

Basi tuingie kazini. Nitaitumia mashine moja ninayoifahamu kwa mikono, Eight Ball Deluxe ya kampuni ya Bally, ya mwaka 1981. Aliyeibuni ni George Christian, huyo huyo aliyebuni Eight Ball ya 1977, ambayo iliuzwa mashine 20,230 na kushika rekodi ya mauzo ya pinbali zenye flipa miaka mingi, hadi The Addams Family ya 1992 ilipoipita kwa mashine 40 tu. Deluxe ni ya mchezo wa pulu, ina flipa tatu, ina safu ya vibao saba vinavyoanguka vikipigwa na gololi, na inazungumza kwa sauti ya kimashine inayomchokoza mchezaji. Niliyoipata mimi ilikuwa imekaa muda mrefu kwenye chumba cha chini cha nyumba moja huko Illinois, mahali penye unyevu. Mwenyewe alisema ilikuwa nzima siku ilipozimwa mara ya mwisho. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Ila mashine ikikaa, inaharibika pasipo kuguswa.

Kwa hiyo la kwanza: msiichomeke kwenye umeme. Najua hamu ilivyo. Umeibeba mashine ya zaidi ya kilo 100, umeifunga miguu, na kidole kinawasha. Subiri. Toa gololi, zima kila kitu, fungua lile sanduku la nyuma kwa ufunguo, chukua tochi. Humo kuna bodi za kielektroniki zilizopangwa ukutani, na mojawapo ndiyo bodi kuu, kompyuta ya mashine. Itafute betri. Katika Bally za miaka hiyo ni betri ndogo ya kuchajiwa ya volti 3.6, imelehemiwa juu ya bodi yenyewe, na kazi yake ni kutunza kumbukumbu: alama za juu, hesabu za sarafu, mipangilio ya mwenye mashine. Kazi ndogo kabisa. Hata hivyo hakuna kitu kilichoua bodi nyingi za pinbali kuliko betri hizo. Zikizeeka zinavuja, na ule ute unatambaa kwenye njia za shaba, unaingia chini ya soketi za chipu, unakula miguu ya vifaa hadi inabaki unga wa kijani.

Ukikuta ule unga, kata betri uitoe leo, si kesho. Ute wake ni wa alkali, kwa hiyo unauliwa kwa siki: siki nyeupe na mswaki laini, sugua, suuza kwa maji safi, kisha suuza tena kwa spiriti ili maji yatoke yote, acha ikauke kabisa. Ndipo uanze kutazama kwa kioo cha kukuzia. Soketi iliyoliwa inatolewa. Njia ya shaba iliyokatika inaungwa kwa waya mwembamba. Betri mpya hairudi tena juu ya bodi. Inawekwa kwenye kishikio chake mbali, chini ya vifaa vyote, hata ikivuja ivujie chini. Wapo wanaochomoa bodi nzima na kununua mpya inayotengenezwa siku hizi kuchukua nafasi yake, na siwalaumu. Bodi iliyoliwa sana haina kurudi. Ila kama ya asili inaweza kuokolewa, naona ni wajibu kujaribu. Imefanya kazi tangu 1981, na mengi ya matatizo yake yanatibika kwa lehemu na subira.

Baada ya betri, fyuzi. Ichomoe kila moja, soma namba yake, linganisha na kitabu cha mashine. Hapa mtu hukutana na mambo ya kutisha: fyuzi ya ampea kubwa mara mbili ya inayotakiwa, au iliyoungua ikazungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili mashine iendelee kuingiza sarafu. Aliyefanya hivyo alipata siku chache za mapato, akaacha moto ukingoja ndani ya mbao kavu. Na fyuzi iliyoungua haikuungua bure. Kuna kitu kiliilazimisha, na kitu hicho bado kimo humo.

Sasa unaweza kuwasha, lakini bodi zikiwa zimechomolewa kwanza, unapima umeme unaotoka kwenye transfoma peke yake. Volti 43 za kuendesha koili, zile sumaku za umeme zinazochapa flipa. Umeme wa taa. Umeme wa bodi, ambao ukisharudisha bodi ya kuendeshea koili inayousawazisha, lazima uwe volti 5 thabiti; ukiyumba, kompyuta inapagawa. Mara nyingi mkosaji ni kapasita moja kubwa ya mikrofaradi 11,700 iliyoko kwenye bodi ya kuendeshea koili, ambayo baada ya miongo minne haiwezi tena kulainisha umeme. Na kwa ajili ya tarakimu za alama kuna volti kama 190. Hapo mikono inakaa mbali, nasema kwa msisitizo, hata baada ya kuzima, kwa sababu kapasita hutunza chaji.

Vipimo vikiwa sawa, unaichomeka bodi kuu na kukitazama kitaa kimoja kidogo chekundu kilichoko juu yake. Napenda sana jinsi wahandisi wa Bally walivyolifikiria jambo hili. Mashine ikiwashwa, kitaa kinamemeteka kidogo, kisha kinawaka na kuzima mara saba. Kila mwako ni jaribio moja lililofaulu: chipu za programu, kisha kumbukumbu ya kwanza, kumbukumbu ya pili, chipu mbili zinazoongea na mashine nzima, kisha saketi ya kuendeshea tarakimu. Kitaa kikisimama kwenye mwako wa nne, unajua chipu ipi ikaguliwe. Mwako wa saba unangoja zile volti 43. Wapo waliobadilisha chipu baada ya chipu wakitafuta mwako wa saba, na ugonjwa ulikuwa fyuzi ya koili. Bodi ilikuwa imesema ukweli tangu mwanzo.

Viungio vya waya pia havisamehewi. Ule umeme wa taa hupita kwenye pini chache, zinapata joto mwaka hadi mwaka, plastiki inakuwa kahawia, kisha nyeusi. Kuzikwangua hakusaidii. Unakata, unabana vichwa vipya kwenye waya, unatoa pini za bodi na kuweka mpya, na unalehemu upya. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na haina sifa, maana hakuna mgeni atakayefungua sanduku kuitazama.

Sasa tufike kwenye flipa. Hapa ndipo ningependa fundi yeyote atumie muda wake mwingi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu ile niliyoeleza: flipa ndiyo iliyoutoa mchezo huu kwenye bahati ukawa ustadi.

Inua ubao, uegemeze nyuma. Chini yake utaona msitu wa waya na koili. Flipa juu ya ubao ni kipande cha plastiki kilichovishwa raba. Chini yake kuna mhimili, mkono mdogo wa chuma, kiunganishi, na pistoni inayoingia ndani ya koili. Ukibonyeza kitufe, koili inageuka sumaku, inaivuta pistoni ndani, mhimili unazunguka, flipa inachapa. Sasa koili ya flipa ina nyaya mbili ndani yake, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Gari lililokwama linataka watu wengi kulisukuma, lakini likishaanza kutembea mtu mmoja anatosha. Basi na koili hii, mwanzo wa pigo umeme unapita kwenye waya mnene kwa nguvu zote, na flipa ikishafika juu, waya mwembamba unaingia ili iendelee kushikilia tu bila kuungua. Anayeamua kubadilishana kwao ni swichi ndogo mwishoni mwa mwendo. Wakati flipa imelala, swichi imefunga. Flipa ikifika juu, mkono wa chuma unaifungua.

Udanganyifu mwingi wa mashine umejificha kwenye swichi hiyo. Ikiwa chafu, au imeungua midomo, umeme unapita kwenye waya mwembamba tangu mwanzo wa pigo, na flipa inainuka kivivu. Ikiwa imepinda isifunguke kabisa, waya mnene unabeba mzigo wote, koili inapata moto, plastiki inayeyuka, harufu inajaa nyumba. Midomo yake imetengenezwa kwa chuma kigumu cha kubeba umeme mkubwa, kwa hiyo unaisafisha kwa tupa ndogo mpaka ing'ae, kisha unaipinda taratibu ifunguke milimita tatu hivi mwisho wa mwendo. Fanya hivyo hivyo kwa swichi za vitufe vya ubavuni, ambazo zinasahaulika kila mara. Flipa dhaifu huanzia hapo mara nyingi sawa na chini ya ubao.

Kisha mitambo. Pistoni hupiga kizuizi cha chuma mamia ya maelfu ya mara, na kichwa chake kinatanuka kikawa kipana kuliko kilivyozaliwa. Kinaanza kukwangua ala ya plastiki iliyoko ndani ya koili, na flipa inakwama nusu nywele tu kila pigo. Jicho halioni, gololi inaona. Toa vyote: pistoni, kiunganishi, ala, kizuizi, bushi ya mhimili. Seti nzima inapatikana mpya kwa bei isiyoumiza, na hakuna fedha katika mashine hii itakayokulipa vizuri zaidi ya hiyo. Wala usitie mafuta. Wengi huyatia kwa nia njema, na kwa wiki chache flipa inaruka vizuri ajabu. Halafu mafuta yanakamata vumbi la chuma, yanakuwa ugoro mweusi, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Ala imetengenezwa ifanye kazi ikiwa kavu. Wakati wa kufunga, acha flipa iwe na mchezo kidogo wa juu na chini, usiikandamize ikasugua ubao. Zipange kwa mstari ule uliowekwa na kiwanda, si kwa mazoea yako.

Ukimaliza flipa zote tatu, fanya jaribio. Weka gololi kwenye flipa ya kushoto, iachie iteremke hadi ncha, ipige kuelekea ile safu ya vibao saba. Rudia. Ukipiga kwa wakati ule ule, lazima iende mahali pale pale. Kama inakwenda mahali tofauti kila mara na mkono wako una hakika, rudi chini ya ubao.

Swichi nyingine za ubaoni ni habari tofauti kabisa, na kutojua tofauti hiyo kumeharibu mashine nyingi. Hizi zinabeba umeme mdogo sana wa kuipasha kompyuta habari, na midomo yake imepakwa dhahabu nyembamba. Ukiipitishia tupa au msasa, dhahabu inakwenda, kutu inakuja, na swichi hiyo haitaaminika tena. Chukua kadi ngumu safi, ipitishe katikati ya midomo, ibane kidogo, ivute. Inatosha. Halafu rekebisha nafasi: ikibana mno, mtikisiko wa bampa, ile nguzo inayoirusha gololi, unaifunga yenyewe na mchezaji anapewa alama ambazo hakuzifanyia kazi, ikiachia mno, gololi inapita juu yake pasipo kuhesabiwa. Vibao vinavyoanguka navyo vinataka uangalifu huo huo. Kibao kinachoanguka chenyewe kwa mshindo wa jirani yake ni uongo. Kibao kinachopigwa katikati ya kifua kikagoma kuanguka ni uongo pia, tena unaouma zaidi.

Juu ya ubao, adui ni unga mweusi unaotokana na koili, raba na chuma. Ubao ni plaiwudi iliyochapwa picha na kupakwa vanishi, kwa hiyo maji yasiuguse. Mbao zinavimba na picha inapasuka. Tumia dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini, fuatisha nta ngumu ya karnauba. Raba zote zinatoka na kuwekwa mpya, kwa sababu raba iliyokauka hairudishi gololi jinsi mbunifu alivyopiga hesabu. Na gololi yenyewe, wasikilizaji, ndiyo ya bei ndogo kuliko kila kitu na ndiyo huachwa. Ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Ikiwa na mikwaruzo, inageuka msasa unaozunguka ubaoni mchezo baada ya mchezo, unakula picha mpaka mbao nyeupe inatokeza. Kabla hujafikiria kununua rangi, nunua gololi.

Kuhusu rangi, maoni yangu yanajulikana na wenzangu hawakubaliani nayo wote. Palipolika hadi kwenye mbao, paka, kwa brashi ndogo na rangi inayofanana, ili unyevu usiingie. Palipofifia tu, acha. Kioo cha picha cha nyuma kiacheni kabisa: rangi yake imepakwa upande wa ndani, joto la taa limeshaanza kuibanjua, na kitambaa kimoja chenye maji kitaifuta sura nzima ya mtu isirudi. Vumbi la mbele futeni, nyuma msiguse. Msaada wa kweli kwa kioo hicho ni kupunguza joto, kwa kuweka balbu namba 47 badala ya namba 44; mwanga wake ni hafifu zaidi, lakini ya 44 hula miliampea 250 na ya 47 hula 150 tu. Taa za LED za rangi zinazowekwa siku hizi nazo hazina joto jingi, lakini nyingi zinaugeuza ubao wa 1981 kuwa duka la simu usiku, na mchezaji haioni gololi kwa wingi wa miali. Kama ni lazima, chagueni nyeupe yenye umanjano, tulivu.

Imebaki kuisimamisha. Chukua pimamaji, uiweke ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia, siyo juu ya kabati wala reli zake, kwa sababu kabati la zamani limeshapinda na ubao hauendi nalo. Zungusha miguu mpaka iwe sawa kabisa. Mteremko wa mbele ni suala la zama za mashine: zile za zamani za rilei, zisizo na kompyuta, huwekwa karibu na nyuzi 3.5, za kisasa 6.5, nayo Bally ya miaka hiyo iko katikati, kwa hiyo soma kitabu chake kisha usikilize gololi. Ubao ukilala sana, gololi inaelea na mchezo unadorora. Ukiwa wima sana, flipa hazifikishi gololi juu.

Ndani ya kabati, karibu na mlango wa sarafu, linaning'inia timazi dogo katikati ya pete ya chuma. Harry Williams ndiye aliyeleta ulinzi wa namna hii miaka ya 1930, kuwakomesha waliokuwa wakiziinua mashine na kuzipiga. Ukisukuma kabati kupita kiasi, timazi linagusa pete, flipa zinakufa, gololi inapotea. Wapo wanaolifunga juu lisifanye kazi, eti wageni wasikasirike. Sikubaliani nao hata kidogo. Kusukuma kidogo ni sehemu ya ustadi, na ustadi unataka mpaka. Liweke mahali ambapo msukumo wa kiganja unaruhusiwa na wa bega unaadhibiwa.

Mashine ikishasimama, ichezwe. Las Vegas kuna Pinball Hall of Fame, aliyoianzisha Tim Arnold, ilifunguliwa 2006, na mashine zake zipo ili zichezwe: unatia sarafu, unacheza ya 1975 na ya 1995 mchana mmoja. Ndiyo makumbusho ninayoielewa. Mashine inayochezwa inaonyesha makosa yake haraka, na inayofungiwa inayaficha.

Kwa hiyo ukidhani umemaliza, hujamaliza. Koili zikishapata joto la mchezo mrefu, nguvu yake inabadilika. Skrubu mpya zinalegea katika siku za kwanza, raba mpya zinajinyoosha, swichi uliyoipinda inarudi kidogo. Mwite mchezaji anayekupita kwa mbali, mwache acheze mchana kutwa, usimweleze umefanya nini. Atakapogeuka akakuambia kwamba flipa ya juu inachelewa, au kwamba kibao cha tano kinagoma, usimbishie kwa vipimo vyako. Zima, toa kioo, inua ubao, uanze na hicho cha tano.